Kinu Kisichoazimwa

Binti yangu alizaliwa na ugomvi na karanga. Akila punje moja tu, midomo inavimba, macho yanaziba na kifua kinaanza kupiga mluzi. Mara ya kwanza tulidhani amelogwa. Mara ya pili daktari alituambia ni aleji, akanionya kwamba iko siku hatutawahi kufika hospitali. Maneno hayo yalinikaa rohoni. Tulikuwa tunaishi Kibaoni, Ifakara, miaka ya tisini, na pale karanga ziko kila mahali: kwenye mchicha, kwenye uji, kwenye kashata, kwenye kiganja cha kila mtoto anayetoka shule.

Nyumbani nilimweza. Shida ilikuwa shule. Saa ya mapumziko wenzake walikimbilia kwa akina mama wa kashata na visheti, yeye akabaki na kiazi chake cha kuchemsha kimefungwa kwenye kitambaa. Kiazi hakukitaka. Alitaka kitu cha paketi, kitu cha kupasua kwa meno na kugawia marafiki. Mbaya zaidi ilikuwa siku ya kufunga shule. Kila mtoto wa darasa lao alikuja na kitu chake, mwalimu akaweka ungo mkubwa katikati, vyote vikamwagwa humo vikachanganywa, kisha wote wakauzunguka na kula pamoja. Desturi nzuri sana, ila mwaka wake wa kwanza mwanangu aliitazama kutoka dirishani.

Basi nikaanza kusaka. Madukani biskuti zilikuwa zinaingia za kila aina, nyingine zina maandishi kama kuku amepita na matope. Nilipomuuliza muuza duka kama zina karanga, alinijibu, "Mama, hizi zina utamu tu." Chipsi za ndizi za sokoni nazo zilikaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyokaanga karanga asubuhi. Mimi si mtu wa kubembeleza. Niligombana na nusu ya soko.

Jibu nililipata shambani, msimu wa mpunga uliofuata. Pepeta! Mpunga unavunwa kabla haujakauka sawasawa, unakaangwa chunguni, unatwangwa ungali wa moto mpaka punje zinalala bapa, halafu zinapepetwa makapi yatoke. Nilitia sukari na chumvi kidogo, nikajaza kwenye vifuko vya nailoni, nikaziba midomo yake kwa moto wa mshumaa. Binti yangu aliipokea paketi yake kwa mikono miwili, akaipasua kwa meno.

Kabla hajaimaliza, midomo ikaanza kuvimba.

Baba yake alimpakia kwenye baiskeli, mimi nikakimbia nyuma yao nikiita jina lake njia nzima. Tuliwahi. Alipona, nami nikarudi nyumbani na hasira nisiyojua niielekeze kwa nani. Mpunga, sukari, chumvi. Karanga imetoka wapi? Mwisho niliinamisha pua ndani ya kinu, nikanusa.

Kinu kilikuwa cha jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia huku na mumewe na ng'ombe wao, mtu mkarimu kupita kiasi. Mtaani kwetu kinu kina mwenyewe kwa jina tu. Kinazunguka nyumba hadi nyumba, na anayekitumia anakiosha kabla ya kukirudisha. Hiki kilikuwa kimeoshwa, tena vizuri. Lakini mti unakunywa mafuta, na kile kilikuwa kimekunywa karanga za mtaa mzima kwa miaka.

Nikachongesha kinu kipya na mchi wake, nikakiweka chumbani, kando ya kitanda. Hapo ndipo vita vilipoanza. Ukimnyima mtu chumvi unaweza kusingizia imeisha. Kinu hakiishi.

"Dada, nisaidie kinu chako," jirani alikuja kuniomba. "Changu kiko kwa watu."

"Sikitoi."

"Hukitoi?"

"Karanga zako zitaniulia mtoto."

"Mimi? Mimi nimuue mtoto?" Akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka, na salamu zikakatika siku hiyo. Mtaani wakaanza kusema kinu kinacholala chumbani kina kazi nyingine. Nikasema waache waseme, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini iliniuma, sitaficha. Yule mama nilimpenda.

Pepeta ya kinu kipya haikumdhuru. Tuliketi tukimtazama anavyotafuna, baba yake ameshika baiskeli mlangoni, na mtoto akaomba nyingine. Akaanza kwenda nazo shule akiwagawia wenzake, na mwonja asali haonji mara moja: wakawa wanamfuata yeye, akina mama wa kashata wanawaacha. Mwalimu wao, mzee mmoja mpole, akaniita. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mama, wiki ijayo tunafunga. Nimewaambia watoto mwaka huu ungo utakuwa wa pepeta peke yake. Utatuletea ya darasa zima?"

Nikasema nitaleta, kabla sijafikiri. Pepeta ya mtoto mmoja unaweza kuitwanga mwenyewe. Ya darasa zima inataka watu: huyu akaange, huyu atwange ikiwa ya moto, huyu ageuze kinuni, la sivyo inapoa na kuvunjikavunjika. Nami wenye mikono wote nilikuwa nimewaudhi.

Alfajiri ya siku ya kufunga nilikuwa nawasha moto peke yangu, machozi yako karibu, nikasikia uani, "Mwangaluka!" Ni yule jirani, ananiamkia kwa Kisukuma chake, na nyuma yake wanawake wawili wa mtaani, wamevaa khanga safi.

"Mwanangu kaniambia habari ya ungo," alisema, bado amenuna. "Tumeoga wote. Tumesugua mpaka kucha. Karanga hatujagusa tangu jana. Mchi uko wapi?"

Sikuomba radhi, wala yeye hakuomba. Nilimpa mchi. Alitwanga mpaka jua likawa kali, na katikati ya kazi akasema, "Kinu chenyewe kidogo, halafu kinaringa!" Tukacheka wote mpaka nikaunguza chungu kimoja.

Mchana wa kufunga shule binti yangu alirudi mbio, sare imejaa vumbi, analia kwa sauti. Nilimshika uso, nikatazama midomo, nikasikiliza kifua. Kilikuwa kimetulia.

"Una nini?"

"Wenzangu wamenisukuma, mama! Wanachota kwa mikono miwili! Wamemaliza yote, mimi nimepata kidogo tu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akazidi kulia kwa kuona nacheka. Nikamvuta mapajani.

"Siku nyingine," nikamwambia, "na wewe sukuma."