Sabuni Mbichi Katika Nyumba Iliyofungwa

Asubuhi, ghorofa ya nne ya hoteli. Mwanamke ambaye wenzake humwita Mama Shuka anatandika kitanda, anaupiga mto kofi moja, kisha anaingia bafuni na kugusa sabuni kwa kidole. Imelowa.

"Mapokezi wanasema mgeni wa humu ameondoka tangu jana," anasema. "Wamedanganywa. Huyu bado yupo."

Miaka kumi na mmoja ya kusafisha vyumba ugenini imemfundisha kutoamini mdomo wa mtu kabla hajaona bafu lake. Zamani alikuwa akisema hivyo na kucheka. Siku hizi hacheki.

Nchini kwao ana nyumba ya vyumba vitatu, aliyoijenga kwa kujinyima nusu ya mshahara kila mwezi. Anataka siku moja iwe ya binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na miwili, anayeishi naye huku. Aliyesimamia ujenzi ni mdogo wake wa kiume, fundi rangi, na funguo zote anazo yeye. Kila akiulizwa, husema nyumba imefungwa, inamsubiri dada.

Mwezi uliopita Mama Shuka alimwomba amwoneshe nyumba kwa simu ya video. Sebuleni fundi rangi alizunguka taratibu. Bafuni alipita mbiombio, lakini dada mtu alikwishaiona sabuni, imeliwa nusu, na povu bado liko juu yake.

"Nani anaoga humo?"

"Hakuna mtu, dada. Nilikuja kufagia, nikanawa mikono."

"Na lile taulo la mtoto?"

Simu ikakatika. Eti mtandao.

Wasiwasi ulimpeleka kwa wakili anayeshughulikia mali za watu wanaoishi nje ya nchi zao, kwenye ofisi ya viti viwili na feni yenye kelele. Wakili alimwuliza alimsainia nini mdogo wake. Akajibu kwamba alimpa mamlaka ya kumwakilisha kwa kila jambo, asisumbuliwe kwenye foleni za vibali.

"Kila jambo ni pamoja na kuuza, mama," wakili alimwambia. "Na wosia huna. Ukitangulia leo, binti yako atapata taabu kuthibitisha kwamba nyumba ilikuwa yako."

"Nilimwambia tuanze siku ileile," anakumbuka.

Mamlaka yale ameshayafuta. Wakili amethibitisha kuwa nyumba haijauzwa, na wosia umeandikwa kwa faida ya binti. Kimebaki kitu kimoja: jina la msimamizi wa mirathi, mtu aliye kule kwao, wa kumkabidhi mtoto funguo.

"Nilimtaja mdogo wangu kabla sijafikiri, nikajikasirikia," anasema huku akikung'uta shuka ambayo haina vumbi. "Ndiye aliyemuuguza mama yetu mpaka mwisho, mimi nikiwa huku. Sasa ndiye ninayemshuku. Na mwingine sina."

Pale pa jina bado pako wazi.

Likizo yake ni mwezi ujao. Tiketi ameshakata, na fundi rangi hajaambiwa.

"Nitabisha hodi kwenye nyumba yangu kama mgeni, nione nani anafungua," anasema. "Siku zote naomba Mungu nisikosee. Safari hii naomba niwe nimekosea."