Bastola ya mkononi niliyoifuata Fizi, na jioni ambayo majirani wa Baraka hawakutoka

Wakuu, salamu kutoka Baraka, Kivu Kusini, ng'ambo ya ziwa kwenu mlioko Kigoma.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa pembeni anamenya mihogo, na ameshaniambia nikiongeza chumvi atanisahihisha mbele yenu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni hivyohivyo.

Kwanza mnifahamu, maana bila hilo hamtaelewa presha niliyokuwa nayo.

Mimi nilivuka ziwa nikiwa mgongoni kwa mama, vita ilipotutoa Fizi. Nimekulia kambini huko Tanzania. Nimesoma kwa taa ya kibatari mpaka nikapata diploma ya umeme. Siyo cheti, diploma.

Wenzangu walikaa kusubiri ndege ya kwenda Amerika. Mimi nikapanda boti nikarudi kwetu na begi la vifaa. Leo nina duka la solar: paneli, betri, inverter, na watu wanakuja kuchaji simu. Wateja wananifuata kutoka Mboko, kutoka kambi ya Warundi pale Lusenda, mpaka wachimba dhahabu wa Lulimba. Nimejenga nyumba ya mabati ya bluu yenye tiles mpaka barazani. Ukiingia mtaani kwetu giza likishatanda, taa utakazoanza kuziona ni zangu.

Sijasaidiwa na mtu. Tuendelee.

Shida ilianza na barabara ya Lulimba. Mara kwa mara ninapeleka mzigo kule na kurudi na hela. Safari moja niliahirisha kwa sababu ya malaria, na siku hiyohiyo wafanyabiashara ninaowafahamu wakasimamishwa porini na watu wenye silaha. Walirudi Baraka miguu mitupu. Mmoja alikuwa amevaa kitenge alichopewa na mama wa njiani.

Tangu hapo nikawa situlii.

Mbwa akibweka, ninakaa wima. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya duka, ninatafuta mahali pa kujificha. Mteja akiuliza bei halafu asinunue, ninajiuliza alikuja kuangalia nini. Chakula nilikuwa ninakula nimesimama. Riziki, mke wangu, akaanza kuniuliza kama kuna mwanamke ananisumbua.

Ndipo akaingia jamaa ambaye nitamwita Bwana Petroli. Zamani alikuwa porini na kundi mojawapo, akaweka silaha chini, sasa anauza mafuta kwenye chupa kando ya barabara ya kwenda Fizi. Alikuja kuchaji simu, akaniangalia, akacheka.

"Patron, macho yako inazunguka sana. Weye unahitaji rafiki wa mu kiuno."

Nikajifanya sijaelewa. Akasema kuna bastola, semi-automatic, used, iko Fizi centre. Mwenyewe anahama, anataka kuiacha kwa mtu mzuri. Alivyosema ungedhani anauza mbuzi wa maziwa.

Nikapanda pikipiki nikaenda naye. Mnaojua njia ya kutoka Baraka kupanda milima mpaka Fizi mnajua ilivyo, lakini siku ile sikuona kona wala korongo. Kichwani nilikuwa ninajiona nimesimama barazani kwangu, mkono kiunoni, wezi wanaomba msamaha.

Bastola yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha kubebea mtoto. Ilitolewa chumbani, ikawekwa juu ya meza kati ya sahani ya maharage na Biblia.

Nikaishika. Nzito kuliko nilivyodhani. Mimi ni fundi, kifaa kilichotumika ninakijua. Mpini ulikuwa umezungushiwa utepe wa umeme, na pale ambapo panatakiwa kuwa na namba ya kiwandani palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa. Kando kidogo mtu alikuwa amechora herufi kwa msumari, labda jina lake, labda la mchumba.

Nikauliza ilitoka wapi.

"Ilitoka kwa mwenyewe," akasema Bwana Petroli.

"Na mwenyewe aliitoa wapi?"

"Patron, shati unanunuaka ku mutumba, unauliza ni muzungu gani aliivaa?"

Nikauliza kuhusu karatasi za kumiliki, kwa sababu kwa sheria ya huku raia ukikutwa na silaha bila ruhusa ni jela. Wakacheka wote mle ndani, hata bibi aliyekuwa anachambua mboga.

Wakuu, hapo ndipo ningepaswa kuirudisha kwenye kile kitambaa nikashuka mlima kwa amani. Shati la mtumba likiwa na doa la damu unafua. Bastola iliyokwanguliwa namba, kama imeua mtu, siku ikikutwa kiunoni kwako, yule mtu umemuua wewe.

Lakini sikukataa. Nikasema nipeni muda nifikirie.

Na sasa mnisikilize vizuri, maana uamuzi wangu niliuharibu hapa, kabla hata ya kununua chochote.

Siku ya soko Baraka, kwenye marundo ya mikanda na viatu vya mitumba, nikaona ala ya ngozi ya bastola. Safi kabisa. Nikainunua. Nikajiambia, nianze kuzoea uzito. Nikaweka ndani mita yangu ya kupimia umeme, nikaivaa kiunoni, nikashusha shati juu yake.

Nikapita mtaani. Nikakaa kwenye kijiwe cha kahawa. Nikajinyoosha kidogo kama mtu anayepiga mwayo, shati likapanda kidogo.

Kimya kilichoingia pale kwenye kahawa, wakuu, sijawahi kukipata hata siku niliyorudi na diploma. Watu wakaninunulia kikombe. Muuza mkaa aliyekuwa akiniita "mukimbizi" akaanza kuniita "mukubwa".

Riziki alipoiona alikasirika.

"Toa hiyo kitu."

"Ni mita tu, mama. Acha waogope."

"Nani aogope? Mwizi haishi ku hii avenue. Banaoishi hapa ni jirani Mama Asende na batoto."

Sikumsikiliza. Nilikuwa ninaona matokeo. Vijana waliokuwa wanakaa ukutani kwangu jioni wakahamia kwingine. Watoto waliokuwa wanajaa barazani kutazama TV wakaacha kuja. Hata waliokuwa wanakuja kukopa chumvi walianza kusimama barabarani na kumwita Riziki atoke. Mimi nikasema, naam, hii ndiyo heshima.

Ninyi wa nje labda hamjui jambo moja la huku kwetu. Hatuna namba ya kupigia ukivamiwa, au ipo na haipokelewi. Mtaa unajilinda kwa sufuria. Nyumba moja ikiona mwizi inapiga sufuria kwa mwiko, jirani anasikia anapiga yake, wa pili anapiga bati, na kabla hujahesabu mpaka kumi, mtaa mzima unalia na wanaume wako nje na fimbo. Mwizi hawezi kupigana na kelele inayotoka kila upande. Nimewahi kutoka mwenyewe na ufagio, nikiwa na kaptula.

Basi jioni moja, giza ndiyo linaingia, mimi niko bafuni nyuma ya nyumba ninaoga kwa ndoo. Nikasikia Riziki anapiga kelele, halafu sufuria. Ko! Ko! Ko!

Nikatoka na taulo. Wanaume walikuwa stoo wanatoa betri zangu. Mmoja akamsukuma Riziki akaangukia ngazi. Akainuka, akaokota sufuria, akaendelea kupiga kwa mkono mmoja.

Nami nikasimama ninangoja mtaa uitikie.

Hakuna.

Nilisikia redio ya jirani. Ikapunguzwa sauti. Nikasikia mtu anafunga mlango kwa ndani, lile komeo la chuma, kra. Mke wangu anapiga sufuria peke yake kama kichaa, na Baraka nzima imenyamaza.

Walibeba walichotaka. Hawakukimbia, walitembea.

Kulipokucha, mkono wa Riziki ulikuwa umevimba, tumeufunga na kitenge shingoni. Simu ikaita. Bwana Petroli.

"Patron, nilisikia. Pole. Sasa umeona faida ya kufikiria?"

Nikamwambia ninakuja. Nikaita pikipiki. Kwangu mimi hesabu ilikuwa imeisha: majirani ni wanafiki, nitajilinda mwenyewe. Hela niliifunga kwenye soksi.

Riziki akatoka na begi lake.

"We panda Fizi. Mi nashuka Mboko kwa mama. Ile kitu na mimi hatutalala mu nyumba moja."

"Riziki, umeona jana! Nani alikuja?"

"Nenda ukabaulize juu ya nini habakukuya. Kisha upande pikipiki yako."

Nikamwambia kijana wa pikipiki asizime injini. Nikavuka barabara kwa hasira mpaka kwa Mama Asende, jirani anayekausha na kuuza dagaa. Sufuria yake huwa ya kwanza kuitikia mtaa mzima.

"Mama Asende, jana hamukusikia?"

"Tulisikia, Papa Injinia. Nani hakusikia? Mi nililia mu nyumba."

"Sasa mbona hamkutoka?"

Akaweka beseni chini.

"Tutoke tuende wapi? Weye iko na bunduki. Bwana yangu akuye mbio ku mulango mu lupango yako mu giza, na fimbo mu mukono, utajua ni yeye? Utamuuliza jina kwanza, ao utapiga?"

Akafuta mikono kwenye kitenge, akaendelea.

"Na benye kutafuta bunduki banajuaka nyumba yenye iko nayo. Banakuya na bunduki zabo. Bakipita kwako, banapita na kwangu."

"Mama, sina bunduki! Ile ni mita ya umeme!"

Akatazama kiuno changu.

"Kama ni mita, juu ya nini ulikuwa unaifunika na shati?"

Wanawake wengine walikuwa wameshasogea. Nikaapa. Mmoja akasema hata wale wa porini huwa wanaapa. Mama Asende akamaliza maneno:

"Kama haiko, ufungue nyumba. Bamama baingie, baangalie chumba na chumba. Hapo tutajua."

Wakuu, hapa nitasema jambo ambalo Riziki amelisubiri tangu nianze kuandika.

Nyumba yangu sebuleni iko vizuri. Sofa, TV, tiles, pazia. Lakini vyumba vya nyuma nilikuwa bado sijavimalizia. Mtaji wote uko kwenye mzigo, mfanyabiashara yeyote ananielewa. Hakuna mtu wa mtaa aliyewahi kupita lile pazia, na nilitaka ibaki hivyo.

Pikipiki inanguruma upande huu. Wanawake wamesimama upande ule. Riziki yuko kati na begi, mkono shingoni. Nikawaza: nikinunua ile bastola, kila jioni nitakuwa ninasikiliza hatua za watu nje, na kila atakayekuja kwangu mbio nitalazimika kumhesabu kuwa adui. Nilikuwa nimeshindwa kutulia bila bastola. Nikiwa nayo, je?

Nikatoa ufunguo nikampa Mama Asende.

Waliingia kama maji. Wakainua sofa. Wakafungua sanduku la Riziki. Wakapita pazia, kisha nikasikia sauti:

"Papa Injinia, kitanda iko wapi?"

"Inatoka Uvira," nikajibu nikiwa mlangoni.

"Ilianza safari lini?"

"Pengine barabara iliharibika," akasema mwingine.

"Muangalie na kule juu mu plafond, bamama!"

"Plafond gani? Mi naona mabati."

Wakainua godoro letu lililokuwa chini kwenye udongo, wakakung'uta maboksi matupu ya inverter niliyokuwa nimeyapanga yaonekane kwa dirisha. Wakaikuta ile ala na mita ndani yake, wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akapima nayo mapigo ya moyo ya mwenzake.

Kisha Mama Asende akasimama kwenye ngazi zangu za tiles, akaelekea barabarani, akapaza sauti ya kuuzia dagaa:

"Haiko bunduki! Hata kitanda haiko!"

Mtaa mzima ukacheka. Na kijana wa pikipiki. Na Riziki, wa kwanza kabisa, akaketi juu ya begi lake akacheka mpaka akashika mkono wake kwa maumivu. Begi likarudi ndani.

Bwana Petroli nilimpigia nikamwambia atafute mtu mwingine. Akasema nitajuta. Inawezekana.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Betri hazijarudi, barabara ya Lulimba iko palepale, na bado ninashtuka pikipiki ikipunguza mwendo. Na bado diploma kwenye hii avenue ni yangu peke yangu, hilo halijabadilika. Lakini watoto wamerudi barazani, TV imejaa, na wanaochota chumvi wanaingia mpaka jikoni.

Nilichojifunza: kabla hujauliza bei ya silaha, uliza itakuondolea nani. Mimi nilikuwa ninawahesabu wezi tu. Waliokuwa wananilinda sikuwahi kuwahesabu.

Wenye uzoefu njooni tusemezane, mnaomiliki na mnaofikiria kumiliki, hata mnaotaka kunicheka kuhusu kitanda, nimezoea. Ila kabla hujaandika, nijibu hili: mkeo akipiga kelele leo jioni, mlango gani utafunguka?