Muhula wa Mwalimu Aliyekauka Sauti

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, kila niliyemfahamu Songea alikuwa na kitu cha kuuza, na mimi nilikuwa na chaki. Dada yangu alikuwa na meza ya mitumba mtaa wa Majengo. Kila Jumamosi nilipokwenda kumsaidia kupanga nguo alirudia yale yale: niache ualimu, tushirikiane kufuata marobota Dar es Salaam.

"Mdogo wangu, utazeekea kwenye vumbi," aliniambia.

Nikawa mtu asiyetulia. Nilifundisha Darasa la Kwanza katika shule moja ya Bombambili, lakini macho yangu yalikuwa dirishani, kwenye barabara. Watoto walizidi madawati. Waliobaki walikaa sakafuni, na ili ufike nyuma ya darasa ulitafuta pa kukanyaga. Huyu penseli imekatika, huyu anataka kwenda chooni, yule amesinzia kwa sababu ametoka nyumbani bila kula. Jioni masikio yaliniwanga.

Chumba cha pili alifundisha mama mmoja mtu mzima, ambaye alianza kushika Darasa la Kwanza kabla mimi sijaingia shule. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu, kwa hiyo nilimsikia siku nzima akiimba, akihesabu, akikemea, akibembeleza. Mwaka mmoja, mvua zilipokolea, sauti yake ilianza kukwaruza, halafu ikapotea kabisa. Hospitali walimwambia asiongee mpaka apone. Mwalimu mkuu akaniunganishia madarasa yote mawili.

Miongoni mwa wanafunzi wa yule mama kulikuwa na binti mdogo aliyeletwa na mjomba wake kutoka kijijini Namasakata. Nyumbani walizungumza Kiyao, na Kiswahili cha shuleni kilimtisha. Hakuwahi kufungua mdomo darasani. Nilimuuliza jina, akainamisha kichwa. Nilikuwa na wengine wengi wa kushughulikia, nikaendelea.

Kabla wiki haijaisha, mwalimu wake alitokea mlangoni, kitenge kimezungushwa shingoni. Nilimwamkia shikamoo, nikamsihi arudi kupumzika. Akatikisa kichwa, akapita katikati ya watoto, akaketi sakafuni kando ya yule binti.

Siku hiyo mvua ilishuka kwa nguvu juu ya bati. Nilipaza sauti mpaka koo likauma, hakuna aliyenisikia. Watoto wakaanza kusukumana. Nilikuwa karibu kuwaacha wacheze tu, ndipo yule mama akainuka na kuchukua chaki mkononi mwangu. Akachora kuku ubaoni, akaandika neno chini yake. Kisha akawageukia watoto na kulitamka kwa midomo tu, polepole, akipiga makofi kwa kila silabi. Waliokuwa wakisukumana wakatulia kumtazama. Midomo yao ikaanza kumfuata, na ya yule binti pia. Nadhani kelele za mvua zilimpa ujasiri, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Mvua ikakatika ghafla. Katika ukimya ule ikabaki sauti moja, kali, ikipiga kelele: "Ku-ku!"

Darasa zima likamgeukia. Binti akaziba mdomo. Mwalimu wake akainua kidole kuzuia vicheko, akamwonyesha ubao kana kwamba hakuna jipya lililotokea. Baada ya muda binti akashusha mkono, akasoma tena, kwa sauti ya chini.

Watoto walipoondoka nilimuuliza yule mama kwa nini hakubaki nyumbani. Akanisogelea sikioni, akanong'ona kwa shida, "Nikikaa nyumbani situlii, mwanangu. Nawaona kila mmoja alipokaa."

Maneno hayo yalinisumbua. Mimi nilikuwa darasani nikiiona Majengo. Yeye alikuwa kitandani akiliona darasa. Jumamosi nilimwambia dada atafute mtu mwingine wa kushirikiana naye. Akaichukua nguo niliyokuwa nakunja, akaipanga mwenyewe.

Sauti ya yule mama ilirudi ikiwa na mkwaruzo ambao haukumtoka tena, na kuimba akawaachia watoto. Mimi sikutulia mara moja, hapana. Hata mwaka uliofuata, mwalimu mkuu aliponiuliza kama nataka nipewe darasa la juu, nilisita kabla ya kuomba la kwanza. Asubuhi ya kufungua shule walilia karibu wote, na mmoja akajikojolea mlangoni. Nikavua viatu, nikaenda kutafuta mchanga wa kumwagia pale mlangoni.