Nyuso Zetu Si Malipo

Matibabu yetu pale Butembo yalikuwa ya bure, na kwa sababu hiyo kuna watu walioamini kwamba sisi wagonjwa hatuna neno la kusema.

Mimi nilitoka Beni, katika commune, yaani mtaa, ya Ruwenzori, ingawa hapo pia nilifika kama mkimbizi. Kwetu ni kijijini, upande wa mashamba ya kakao. Asubuhi watu wenye silaha walipotushambulia, uchungu wa kuzaa ulikuwa umekwisha kunishika. Mume wangu alinibeba kwa baiskeli mpaka njia ikamshinda, kisha tukatembea. Niliteseka mchana na usiku katika jiko la watu nisiowajua, na mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa. Sikupata hata nafasi ya kumlilia vizuri, maana mara baada ya pale niligundua kwamba mkojo haunitii tena. Ulitoka wenyewe, nikikaa, nikilala, nikisali.

Kanisani nilikuwa mwimbaji. Kiongozi wa kwaya alinijia kwa sauti ya upole akasema, "Mama, pumuzika kwanza." Hakuna aliyenitukana. Walisogea tu kwenye benchi, na kila Jumapili walisogea zaidi. Mama mkwe alisema ni mkosi. Mume wangu alihama chumba, baadaye akahama mji.

Jumapili moja mchungaji alisoma tangazo: wanawake wanaovuja mkojo baada ya kuzaa waende Butembo, kuna hospitali itakayowapasua bila kulipa. Alilisoma mbiombio, macho kwenye karatasi, kama mtu anayevuka matope. Nikasimama katikati ya watu.

"Pasta, usome tena. Sikusikia muzuri ni siku gani."

Nilikuwa nimesikia. Nilitaka tu wote waliokuwa wakisogea wajue kwamba tangazo lile lina mwenyewe.

Nilisafiri nimekaa juu ya sashe, mifuko ya plastiki, nimejifunga bikwembe juu ya bikwembe, vitenge vyote nilivyokuwa navyo. Butembo ilinipokea kwa baridi yake na pikipiki zake zinazopita kila upande. Daktari alinipima, akanieleza kwamba kichwa cha mtoto kilikandamiza mahali pamoja kwa muda mrefu mno, nyama ya pale ikafa, tundu likabaki.

"Haiko mukosi, mama," alisema. "Ulikosa tu njia ya kufika kwa munganga."

"Sikukosa njia, dokta. Baliifunga."

Aliweka kalamu chini, akasema, "Ni kweli. Baliifunga."

Nilipasuliwa. Nikarudishwa wodini na mpira wa mkojo, na mfuko wake ukining'inia kando ya kitanda. Kitanda cha jirani kilikuwa cha msichana aliyetoka upande wa Lubero, wa umri wa kuvaa sare ya shule. Watu wenye silaha walikuwa wamemuumiza. Hakuwa akizungumza, ila mikono yake haikukaa bure: alinisuka nywele, akazifumua, akanisuka tena, nami nikamwachia kichwa changu.

Siku moja masera, mtawa aliyesimamia wodi yetu, alikuja akatuambia kwamba wageni watapita, wale wanaotoa dawa. Watakuwa na kamera. Wangependa kusikia yaliyotupata. Aliyasema akikunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Wageni walifika. Bwana aliyewaongoza alisema Kifaransa, masera akatafsiri. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimia kila mmoja, akauliza kama tunakula vizuri. Kisha akasimama mbele ya kitanda cha jirani yangu. Aliomba msichana asogee karibu na dirisha, penye mwanga, aeleze tangu mwanzo. Msichana alijifunika uso kwa kikwembe. Bwana akainama, akasema kwa huruma, na masera akatafsiri kwa sauti ndogo, "Anasema, batu bakiona machozi, banasaidia."

Niliinuka. Mtu mwenye mpira haharakishi. Nilishika mfuko wangu wa mkojo mkononi, nikaenda kusimama kati ya kamera na kitanda kile. Daktari alikuwa bado hajajua kama kidonda kimeshika, na nilifikiri: wakinifukuza leo, nitarudi kwenye zile sashe.

"Masera, umutafsirie bwana," nilisema. "Huyu mutoto hapana sema. Na miye hapana sema. Tulikuya hapa juu ya kupona, hatukukuya juu ya kuonyeshwa."

Masera alinitazama. "Yote?"

"Yote. Usitoshe, usiache hata neno moja."

Alitafsiri yote. Bwana aliona haya, lakini hakuondoka. Alijibu kwamba hamlazimishi mtu. Ila bila picha, wanaotoa msaada watajuaje kwamba tupo? Lilikuwa swali la kweli, nami nikalijibu.

"Baone tunakula. Baone tunasukana nywele. Kama mutu anasaidia tu wakati anaona mutoto analia, ile musaada nayo iko mugonjwa."

Kutoka kitanda cha mwisho, mama mzee mmoja aligeuka akatazama ukuta. Jirani yake akageuka. Kitanda kwa kitanda, wote waligeuka, mpaka wageni wakabaki na migongo yetu, nami peke yangu nimewatazama, mfuko mkononi.

Walipiga picha za paa, za jiko, za makarai ya kufulia. Walipoondoka, muuguzi mmoja alitugombeza: tutawafukuza wafadhili, na wagonjwa wa kesho watatibiwa na nini? Masera alimjibu badala yetu. "Bakirudi, batapita kwanza kwangu. Na miye nitapita kwanza kwa hawa bamama."

Dawa ziliendelea kufika. Sijui kama ni bwana yule aliyetusemea au ni wengine ambao hawakuwahi kutuona. Mimi kidonda hakikushika chote. Nilipasuliwa tena, na safari hiyo kilishika. Asubuhi nilipoamka shuka likiwa kavu nilicheka peke yangu mpaka tumbo likauma. Msichana alianza kuzungumza kabla sijaondoka. Aliyoniambia ni yake, siyaandiki hapa.

Huko Beni nilirudi kwenye kwaya bila kungoja kualikwa. Niliketi mahali pangu, na aliyetaka kusogea alisogea. Mume wangu alituma watu kuuliza hali yangu. Niliwaambia wamjibu kwamba nimepona, basi. Vijijini bado watu wanakimbia, na wanawake bado wanazalia katika majiko ya wengine. Barabara ikituruhusu, huwa nawasindikiza Butembo wale wanaoogopa kwenda peke yao.

Juzi mmoja wao aliniuliza tukiwa njiani ndani ya basi, "Yaya, dada, bataniuliza vile ilinifikia?"

"Dokta atakuuliza fasi gani ya mwili inauma," nilimwambia. "Ingine yote, ni weye utajua kama unasema."

Alifungua dirisha, upepo wa milimani ukaingia, akatoa mkate ambao tangu tuondoke hakuwa ameugusa, akaanza kula.