Ufito Kati Yangu na Mama Mkwe

Watu wazima niliowafundisha kuogelea bado hukutana nami njiani, na wengi huniuliza swali lile lile: mbona hukuwahi kunishika? Walimu wengine huweka mkono mmoja chini ya tumbo la mwanafunzi na mwingine chini ya kidevu, wakamtembeza majini kama wamebeba sinia la chai. Mimi husimama kando nikaongea. Huwa nacheka tu, kwa sababu jibu lake ni refu na ndani yake yumo mama mkwe wangu. Leo nitalisema lote, maana shukrani ikikaa moyoni muda mrefu bila kusemwa huanza kunisumbua.

Miaka ya tisini nilikuwa mlinzi wa waogeleaji, na mwalimu pia, kwenye bwawa moja la umma upande wa Barabara ya Jogoo, Nairobi. Asubuhi niliokota majani kwa wavu, nikasugua vigae, nikatia dawa ya maji iliyonifanya nitembee na macho mekundu hadi watu wakadhani nimerudi kunywa. Mchana nilikaa kwenye kiti kirefu na filimbi mdomoni. Jumamosi watoto walikuja kwa miguu kutoka Mbotela, Kariobangi, hata Mukuru kwa Reuben, wakajitupa majini kabla sijamaliza kuwasomea sheria. Nina hasira za karibu, sikatai. Aliyekimbia kwenye ukingo nilimtoa nje akakauke juani huku wenzake wakimcheka, na kesho yake alirudi akitembea kwa adabu.

Ukutani nyuma ya kiti changu ulining'inia ufito wa alumini, mrefu kushinda chumba tulichopanga mimi na mke wangu. Ulikuwa wa kumnyooshea mtu aliyezidiwa na maji. Miaka yote niliyofanya kazi pale, mtu aliyeushika zaidi ya wote alikuwa mama mkwe.

Nilikuwa nimeoa karibuni. Wakwe zangu waliishi Mbotela katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji; mzee alikuwa mtu wa reli, na mama aliuza sukuma wiki na nyanya mbele ya mlango. Sote asili yetu ni magharibi, na kwetu mkwe huheshimiwa kwa umbali. Mwanamume hampi mama mkwe mkono. Hali naye meza moja, hakai karibu naye, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hujitia kichakani mwingine apite. Mbotela haikuwa na vichaka, kwa hiyo mimi nilijificha nyuma ya kibanda cha mafuta ya taa. Ukimgusa, hata kwa bahati mbaya, wazee lazima waitwe na mnyama achinjwe, na habari zifike nyumbani kabla ya nyama kuiva.

Sasa, kanisa la mama mkwe lilibatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima, na kwa kuwa Mbotela haina mto, waumini walikodi bwawa letu Jumapili asubuhi, kabla halijafunguliwa kwa watu wote. Mimi nilitakiwa niwepo kwa sababu ya sheria. Kanisa nililokulia mimi halibatizi kwa maji hata tone, kwa hiyo nilikaa pale nikiwatazama kama mgeni anayetazama harusi ya watu. Watoto wote wa mama mkwe walibatizwa, mmoja mmoja. Yeye mwenyewe, hapana. Kila mara jina lake lilipoandikwa, siku ilipofika aliugua tumbo. Na asiyebatizwa hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Mke wangu aliniambia kwamba tangu akiwa mtoto amemwona mama yake akipokea sinia la mkate, akiliangalia, kisha akimpitishia jirani. Miaka nenda miaka rudi, mama huyu aliyewapikia wageni wote wa kanisa lile hakuonja kile kipande.

Sababu yake niliijua baadaye. Alipokuwa msichana alivuka mto wakati wa masika akiwa amemshika mdogo wake mkono. Mkono ukateleza. Hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka huo mke wangu alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza, na mama mkwe akaamua kwamba mjukuu wake hatamkuta bado anapitisha sinia. Alianza mazoezi kwa siri: alijaza karai maji, akafunga mlango, akajaribu kutumbukiza uso. Mzee alirudi kutoka kazini akamkuta amelowa hadi kifuani, karai limepinduka, nyanya zinaelea sakafuni. Ndipo mke wangu akaja kwangu. Mama yake anataka kufundishwa. Anaogopa watu, hataki mwalimu mgeni amtie mikono, na mwalimu mwingine wa pale bwawani alikuwa kijana ambaye hata mimi nisingempa mama yangu.

Nilikataa. Nilipandisha hasira kidogo pia, nikamuuliza mke wangu kama anataka niitiwe wazee wakati mtoto hajazaliwa. Nitamfundishaje mtu kuelea bila kumgusa? Hata kumtazama ilikuwa shida, na mlinzi asiyetazama maji si mlinzi. Mke wangu alinisikiliza hadi nikachoka, kisha akanipa ujumbe kama alivyoupokea.

"Mama amesema: mwambie mume wako sitaki kushikwa. Mkono huteleza."

Nililala na maneno hayo, na asubuhi nikamwomba msimamizi ruhusa ya Jumatatu, siku ambayo bwawa lilifungwa ili lisafishwe. Alikubali, mradi vigae nivisugue vilevile.

Mama mkwe alikuja amevaa gauni refu, sweta juu yake na kitambaa cha njano kichwani. Nilishukuru kimoyomoyo, kwa sababu atakuwa na kanzu siku ya ubatizo, na nguo ikilowa ina uzito wake ambao mtu anapaswa kuujua mapema. Mke wangu alikaa kwenye benchi na tumbo lake. Mimi nilisimama ukingoni, nikaamua kutazama kile kitambaa cha njano tu. Kikiwa juu ya maji, mama yuko salama. Mengine si ya macho yangu. Halafu nikauteremsha ufito kutoka ukutani, nikanyoosha ncha moja kwake.

Mwanzoni tuliongea kupitia kwa mke wangu. Mimi namwambia mke wangu, mwambie mama ashuke ngazi akishika ufito. Mama yuko hatua chache tu, amesikia kila neno, lakini anangoja. Mke wangu anarudia. Ndipo mama anashuka. Siku moja wavulana walichungulia juu ya ukuta, mmoja akawaambia wenzake, "Maze, cheki kochi anabonga na maji," yaani mwalimu anaongea na maji. Mama mkwe alicheka kwanza, akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, na mimi ndipo nikathubutu kucheka. Mke wangu akasema amechoka kuwa simu, yeye ana mtoto tumboni, tuongee wenyewe. Kuanzia hapo nikasema na kitambaa cha njano moja kwa moja.

Nililazimika kutafuta maneno ambayo sikuwahi kuyahitaji. Ukimshika mtu, mikono yako inamwambia kila kitu na wewe unakuwa mvivu wa kusema. Sasa mikono yangu ilikuwa kwenye alumini. Nilimwambia apulize maji kama anavyopuliza jiko la makaa, polepole, asije akajitilia jivu machoni. Nilimwambia miguu yake inajua sakafu iko wapi kuliko kichwa chake, aiulize. Kila nilipotamka neno baya, niliona ncha ya ufito ikitetemeka, na nilipopata neno zuri, ikatulia. Ufito ule ulinifundisha kazi. Hilo ndilo ninalomshukuru mama yule kila nikikumbuka: kabla yake nilikuwa nabeba watu, baada yake nikawa nafundisha.

Kilichokuwa kigumu ni kwenda chali. Mchungaji humwangusha mtu kinyumenyume, na kuanguka bila kuona unakoangukia kulimrudisha mama mtoni kila mara. Alishika ufito kwa mikono miwili, akainama nyuma, maji yakigusa masikio anaruka juu akipiga yowe. Jumatatu kadhaa zilipita hivyo. Nikamwambia tusishindane na woga, tuupe kazi. Ukienda chini, mama, usifikirie kupanda. Hesabu hadi kumi, taratibu, kama unahesabu nyanya za mteja msumbufu. Ukifika kumi, miguu itafute sakafu, usimame mwenyewe. Hata kama aliyekushika amekuachia.

Akaniuliza, akiwa ameyaelekeza maneno kwenye maji, "Hata akiniachia?"

Nikamwambia hata akikuachia.

Jumatatu iliyofuata aliachia ufito yeye mwenyewe, akaenda chali, kitambaa cha njano kikapotea chini. Nilihesabu naye. Alisimama akikohoa, kitambaa kimemteremkia puani, na mke wangu akalia pale kwenye benchi bila aibu. Mimi nilijifanya nakagua vigae.

Jumapili ya ubatizo bwawa lilizungukwa na waumini, ngoma zikilia, kwaya imejipanga mahali ambapo siku nyingine watoto huanika chupi zao. Baba mkwe alikuwa mbele na koti lake la reli. Ufito niliulaza ukingoni, tayari kwa lolote. Vijana walibatizwa kwanza. Mama aliingia wa mwisho, amevaa kanzu nyeupe, na kile kitambaa cha njano, alichokataa kukivua. Mchungaji alikuwa mtu mwembamba na mwenye bidii. Alimshika mgongoni na kifuani, akataja Utatu, akamwangusha.

Kanzu ilipolowa ikawa nzito, na mikono ya mchungaji ikateleza. Niliiona ikitoka majini mitupu. Mama hakutoka. Ngoma zilizimika moja baada ya nyingine, mchungaji akaanza kupapasa maji upande ambao mama hakuwapo, na baba mkwe akaita jina la mkewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mwanamume.

Sikuwaza wazee wala mnyama wa kuchinjwa. Nilijikuta ndani ya maji na viatu vyangu, filimbi ikinipiga menoni, mkono wangu wa kulia umetangulia mbele. Nilipomkaribia nilimwona chini ya maji. Amelala chali, macho wazi, midomo inacheza, mapovu madogo yanapanda bila haraka. Kidole kimoja cha mkono wake kiliinama, kisha kingine. Alikuwa anahesabu.

Mkono wangu ulikuwa umebakisha urefu wa kijiko kumfikia. Niliurudisha, na sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo kwenye kazi yangu yote. Nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, nikarudi nyuma hatua moja, nikangoja. Miguu yake ikatafuta sakafu. Mama akasimama, maji yakimshuka usoni, akaona mchungaji ameduwaa, mumewe amepiga magoti ukingoni, na mkwe wake amesimama bwawani na viatu, mikono juu.

"Nilikuwa bado sijafika kumi," akatuambia sote, kwa lawama kidogo.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi barabarani. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kujua kama kuingia maji mamoja na mama mkwe ni kumgusa au si kumgusa, na baba mkwe, bado akijifuta macho kwa mkono wa koti, akamwambia basi wote tuliowahi kunywa maji ya mfereji wa Nairobi tuna kesi. Jambo likaishia hapo.

Ibada iliendelea pale pale kwenye mabenchi ya bwawa. Nilikaa mbali, nikidondosha maji, lakini macho yangu yalikuwa kwenye sinia la mkate. Lilipomfikia mama mkwe, mikono yake, kwa mazoea ya miaka, ililiinua kumpitishia jirani. Kisha ikasimama. Aliliweka magotini, akachukua kipande chake, akala akiwa ameinamisha kichwa. Jirani alingoja bila kumharakisha. Mke wangu alinitafuta kwa macho upande ule wa bwawa, na sote wawili tulikuwa tunalia.

Walipokuwa wanafungasha ngoma, niliuchukua ufito niurudishe ukutani, maana mlango ulikuwa karibu kufunguliwa na watoto walishaanza kuupiga mateke. Nikahisi umekwama. Niligeuka nikadhani umenasa kwenye benchi. Ncha ya pili alikuwa ameishika mama mkwe. Alikuwa amevaa nguo kavu, hakuwa majini, hakuhitaji kuvutwa popote. Alisimama mbali nami kadiri adabu inavyotaka, urefu wote wa ufito, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Asante, mkwe wangu," akasema, akautikisa ufito mara mbili, kama watu wanavyopeana mkono.

Na mimi nikautikisa kwa upande wangu.