Malka na Barabara ya Jasi

Mwaka ule nilichora barabara moja mara nyingi mpaka nikaichukia. Ilikuwa ya machimbo ya jasi, mawe ya kutiwa kwenye saruji, shimo la wazi lililokuwa likianza kuchimbwa mbugani nyuma ya Garsen, na malori yalihitaji njia ya kutolea mzigo hadi kwenye lami. Kati ya shimo na lami kulikuwa na mashamba ya Wapokomo, kando ya Mto Tana. Nilipanga chumba mjini juu ya duka la vipuri, feni ikizunguka kwa hiari yake, na kila mchoro niliotuma Nairobi ulirudi na neno lile lile: fupisha.

Bosi wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa picha za setilaiti tu. Katika picha hizo aliona ukanda mtupu, mpana, ulionyooka katikati ya mashamba kutoka mbugani hadi karibu na mto, na lami ikiwa jirani.

"Hapo hakuna hata mgomba," aliniambia kwenye simu. "Hatumhamishi mtu. Unangoja nini?"

Nilimweleza kwamba ile ni malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kwenda kunywa maji wakati wa kiangazi. Wakulima hawalimi pale, na si kwa uvivu. Wamekubaliana na wafugaji paachwe wazi, na utupu ule unalindwa kuliko shamba lolote. Akauliza kama kuna hati. Hati haikuwepo. Nilikata simu nikanywa chai iliyokwisha kupoa, maana kubishana na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi, nawe unatiririka jasho, ni kujichosha bure.

Asubuhi nilimkuta mzee mmoja Muorma, mwenye ng'ombe, akinisubiri chini ya ngazi. Kila mimi na mpimaji mwenzangu tulipokwenda kupima alitufuata kwa mbali na fimbo yake mabegani.

"Injinia, wewe unaweka lori kwa malka?"

"Bado, mzee. Nabishana nao."

"Bishana sana. Ng'ombe yangu itakunywa wapi?"

Njia nyingine ilikuwa moja tu: kupita katikati ya shamba la ndizi lililopakana na malka, shamba la mama mmoja Mpokomo, mjane. Bosi alisema mwenye shamba akikubali, naye atakubali. Basi nikatumwa kumwomba mtu aharibiwe shamba lake ili ng'ombe wa jirani wanywe maji. Kazi mbaya si mchezo mwema, nilijiambia njiani, lakini siku ile hata mchezo mbaya ningeupokea kwa mikono miwili.

Mama alikuwa akipalilia. Nilimweleza mistari yote miwili ya barabara, wa malka na wa shambani kwake, bila kumficha kitu, naye akasikiliza ameegemea jembe. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Mkiifunga malka, ng'ombe watapita wapi?"

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Watapita hapa. Kiu haina adabu. Watakula migomba, vijana wetu watashika mapanga, wao watashika mikuki, na sisi wengine tutakimbia." Akaitazama migomba yake. "Leteni barabara yenu huku."

Nikaanza kumshukuru kwa maneno yetu yale ya mikutanoni, kuhusu ukarimu wake na maendeleo ya jamii. Akanikatiza.

"Usinisifu, mwanangu. Sitoi kwa ukarimu. Nimeshakimbia, na nimechoka. Ningekuwa na nguvu za kukimbia tena na watoto mgongoni, msingepata hata jani."

Mimi niliyekuwa nikilalamikia feni na chai nikaenda kumwita mpimaji mwenzangu.

Tulisimika darubini ya kupimia pembeni mwa shamba. Migomba iliziba, sikukiona kigingi cha mbele. Mpimaji mwenzangu akachomoa panga, mama akamnyang'anya. Akaniuliza ni mgomba upi. Nikamwonyesha. Ulikuwa na mkungu mchanga, ua lake bado linaning'inia. Aliukata mwenyewe, akausukuma kando kwa mguu, akanigeukia.

"Haya, waona sasa?"

Nikainamia darubini, nikamwambia naona. Machozi yalikuwa yamenijaa, sikuona kitu.