Alama Nne za Eulalia

Dada yangu Eulalia hutarizi blauzi hapa mjini Tlacolula, na kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kuukosoa mshono wake. Mwaka huu akaanza kunipa sindano nimtungie uzi. Alidai nyuzi za siku hizi ni nene. Maji nayo alikuwa akimaliza mtungi mzima kabla ya mchana, akisingizia joto. Mimi nilihofia macho yake, lakini kumshauri Eulalia ni kazi, na mimi si msemaji.

Nesi Maricruz alipopita na maswali yake ya kisukari, nilifurahi kimoyomoyo. Mtu akifikisha alama tano anapimwa damu. Eulalia alipata nne, na soko zima likajua, utadhani ameshinda mtihani.

Baada ya wiki mbili Maricruz alirudi na maswali yale yale, kuona kama watu wanajibu vilevile. Eulalia alijibu neno kwa neno. Nne tena. Maricruz akamsifu, akisema wengine hubadilisha hata umri.

Akiwa anafunga faili aliuliza, kwa adabu tu, kama mama yetu bado yupo. Eulalia akasema alifariki, baada ya kukatwa mguu kwa sababu ya sukari.

Faili likafunguliwa upya. "Mama Eulalia, mara mbili umeniambia kwenu hakuna mwenye sukari."

"Hakuna. Ya mama ilitokana na mshtuko. Fahali aliingia jikoni siku ya sikukuu. Muulize huyu."

Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kwetu kila mtu anaijua sukari ya mshtuko, wala haihesabiwi kuwa ugonjwa wa ukoo. Hata mimi ningejibu hivyo hivyo.

"Fahali aliingia kweli," nikasema. "Ila mama mdogo naye alikuwa nayo, na jikoni kwake hakuwahi kuingia hata kuku."

Eulalia alinitazama kama nimemwaga mchuzi. Maricruz akaongeza alama moja, akatoa kisindano. Dada hakushtuka, alisema tu kwamba mkono wa binti huyo usingeweza kutarizi hata leso. Kipimo kikasoma mia mbili themanini, juu sana kuliko kawaida.

 Eulalia akauliza kama dawa zitamwezesha kutunga uzi tena mwenyewe. Maricruz akasema akianza sasa, matumaini yapo.

"Basi zilete," akasema, akanisukumia kiti. "Na huyu mtoboe. Mama yetu ni mmoja."